Mstari wa Maji Nisiouchora

Tororo, Jumapili mchana

Mwanangu Bwire,

Ibada ilipokwisha umechukua baiskeli kwenda Buhehe kumuaga bibi yako, na mama yako bado yuko kanisani na akina mama wenzake wakipanga chakula cha safari. Nina mchana huu mmoja. Kesho saa mbili treni itakuchukua hadi Kampala, na huko utapanda basi la Entebbe.

Mambo ya dawa ya malaria, ya kutunza viatu, ya kutofuatana na vijana wanaokunywa waragi, mama yako ameshayasema na atayasema tena kituoni. Mimi sitayagusa. Nina jambo langu, na nimelibeba miaka kumi na mitatu.

Leo mchungaji amesema mbele ya watu wote kwamba unakwenda kujifunza kupima ardhi na kupanga miji, na kwamba unafuata nyayo za baba yako. Watu wakapiga makofi. Wewe ukageuka kunitazama, unatabasamu. Mimi nikainama nikajifanya natafuta wimbo kitabuni. Nadhani uliona. Sikuwa natafuta wimbo. Nilikuwa naona haya, na sikutaka uusome uso wangu.

Barua hii nitakupa kesho mkononi. Uisome treni ikishaondoka.

Unajua kwamba mimi si mwenyeji wa Tororo. Ni Msamia wa Buhehe. Lakini bibi yako alizaliwa hapa Padhola, nami nililelewa nusu kwa wajomba, kwa kuwa shule ya misheni ilikuwa karibu na kwao. Ndiyo maana Kidhopadhola nakisema kama Kisamia. Nilipomaliza shule sikuwa na kitu cha kujivunia ila mwandiko. Ofisi ya ardhi ilitaka mtu wa kunakili ramani, nikachukuliwa. Baada ya miaka minne nilikuwa nachora ramani mwenyewe, Mwafrika wa pekee mle ndani aliyeruhusiwa kugusa kalamu za wino. Nilitembea mjini kichwa juu. Hata wajomba zangu walianza kuniita bwana.

Ndipo akaletwa mpangaji, Mzungu, kutoka makao makuu. Kazi yake ilikuwa kuamua sehemu gani ya wilaya iwe ya mashamba, ipi ya malisho, ipi ya soko na ipi ya nyumba, kwa miaka mingi ijayo. Jina lake sitaliandika. Watu walimwita Bwana Kamba, kwa sababu hakuna siku aliyoonekana bila kamba ya kupimia begani. Alikuwa amekaa Tanganyika muda mrefu, na Kiingereza changu kilikuwa bado kidogo, kwa hiyo tulifanya kazi kwa Kiswahili. Kidhopadhola hakujua hata salamu.

Ningependa kukuambia alikuwa mtu mbaya. Ingenipunguzia. Alikuwa na kiburi, ndiyo, na wazee wenye wajukuu aliwaita boi. Lakini aliuliza. Kila tulipofika aliuliza nani anatumia ardhi hii, ng'ombe wanakunywa wapi, maji yanafika wapi wakati wa masika. Na aliyeulizwa ni mimi.

Mwaka ule serikali ilitaka kujenga nyumba za vibarua wa machimbo ya mawe, na nyumba chache za matofali kwa makarani. Mahali palikuwa pawili. Pa kwanza ni kilima hiki tunachokaa. Pa pili ni bonde lililo chini, ng'ambo ya barabara ya Busia, kando ya kijito. Bwana Kamba alinieleza waziwazi. Vibarua wakiwekwa kilimani, makarani watangoja miaka mingine, maana kilima hakitoshi wote. Vibarua wakikaa bondeni, kilima ni cha makarani, na jina langu litakuwa la kwanza. Aliniambia hivyo bila hila yoyote, kama mtu anayekupa habari. Hakuniomba niseme uongo.

Wakati ule tulikuwa tunakaa chumba kimoja nyuma ya duka la Mhindi. Ukuta ulikuwa na unyevu, na kila mvua iliponyesha kifua chako kilibana, ukawa unahema kama mbwa aliyekimbia. Ulikuwa na miaka mitatu. Miaka mingi nilijiambia kwamba nililolifanya nililifanya kwa ajili ya kifua chako. Si kweli, Bwire, na sitaki ulibebe hilo. Nilitaka nyumba ya matofali. Nilitaka wajomba zangu waje wakae kwenye baraza yangu waone.

Kiangazi nilitumwa bondeni peke yangu kuandika hali ya ardhi. Nyasi zilikuwa zimekauka na kijito kilikuwa uzi tu. Nilimkuta mwanamke mmoja akichimba udongo wa vyungu. Jina lake Athieno, mjane mrefu wa makamo, mfinyanzi aliyekuwa akipeleka vyungu sokoni Busia. Nyumba yake na za shemeji zake zilikuwa ukingoni mwa bonde. Nilipomsalimu kwa Kidhopadhola aliuliza mama yangu ni wa nani. Nikamtajia. Akasema basi mimi ni okewo, mtoto wa dada yao, na mtoto wa dada hasimami juani. Akanipeleka kwake akanipa uji wa wimbi.

Kisha akanitembeza. Alinionyesha walipochimba udongo tangu enzi za mama mkwe wake, na walipolisha ng'ombe nyasi za kilimani zikiisha. Alinionyesha makaburi ya mumewe na ya wazee wa mumewe, yamepangwa mstari chini ya miti midogo. Mwisho alinipeleka kwenye jiwe kubwa lenye alama ya tope, alama iliyopita juu ya kiuno changu.

"Maji ya hapa hayaji kila mwaka," aliniambia. "Mtoto anaweza kuzaliwa akaota meno yote hajayaona. Lakini yakija, yanakuja na jua likiwaka. Mvua inanyesha huko juu, sisi hapa tumeanika wimbi."

Niliandika maneno hayo daftarini kwa penseli, neno kwa neno. Nikamshukuru.

Siku mbili baadaye nilikaa ofisini kuchora ramani ya bonde. Daftari lilikuwa wazi mkono wangu wa kushoto. Kilichotakiwa ni mstari mmoja wa wino wa buluu kuonyesha maji yanapofika, kazi ya dakika tano. Mstari ule ungelitoa bonde katika mpango, na kilima kingekwenda kwa vibarua. Nilichovya kalamu ya buluu, nikaifuta, nikaiweka. Nikachukua ya wino mweusi, na kwa mwandiko ule uliowafanya watu wanipende nikaandika: Nyasi. Haitumiki.

Bwana Kamba alipoitazama akauliza, "Maji nafika hapa?"

Nikamwambia ni kijito kidogo tu.

Bado nilikuwa na nafasi ya kurekebisha. Sheria ilitaka wenyeji wasikilizwe, basi chifu wa gombolola akaita baraza. Bwana Kamba alikaa mezani na ramani yangu, mimi nikasimama kando yake kutafsiri. Athieno alikuwa mwanamke wa pekee aliyesimama kusema. Alieleza habari ya udongo, makaburi, malisho, na maji. Alisema serikali ikitaka kuwahamisha itawahamisha, lakini isilaze watu mahali pale, hata watu wasio wa kwao. Alisema kwa utulivu, akisimama kidogo kila baada ya maneno machache ili nipate nafasi ya kutafsiri.

Nilimgeukia Bwana Kamba nikasema, "Anashukuru, bwana. Wanaomba muda wavune wimbi."

Chifu alisikia lugha zote mbili. Alikohoa, akatazama viatu vyake. Nyuma kulikuwa na wazee wawili watatu waliojua Kiswahili, nikawasikia wananong'ona, lakini nani atasimama amsahihishe mtu anayesema kwa niaba ya serikali? Athieno alinitazama. Nilidhani anangoja jibu la Mzungu. Bwana Kamba akasema muda wa kuvuna watapewa. Nikamtafsiria Athieno hilo, kwa usahihi kabisa. Akakaa chini, akaukaza mshipi wa gauni lake la gomesi.

Walihamishiwa kwenye mteremko wa mawe upande wa Merikit. Vigingi vikapigwa bondeni, zikajengwa laini nne za nyumba, chumba kimoja kimoja, mlango mmoja mbele na kidirisha kidogo nyuma, juu kabisa chini ya bati ili mwizi asipite. Hizo nyumba nazo nilizichora mimi. Sisi tukahamia hapa kilimani. Mama yako alilia kwa furaha alipoona jiko lenye bomba la moshi. Kifua chako kikapona. Wajomba walikuja wakakaa kwenye baraza, nami nikawapa soda.

Katika laini ya pili alikaa kibarua mmoja wa machimboni, Mteso kutoka Merikit, jina lake Okware, na mkewe Apio. Walikuwa na binti, Amoding. Huenda unamkumbuka. Mlikuwa umri mmoja, na mlikutana kwenye bomba la maji mkichezea tope mpaka mama zenu wawaite.

Mwaka wa pili, siku ya Alhamisi, jua lilikuwa kali. Amoding alikuwa na homa. Mama yake alimlaza, akafunga mlango kwa komeo la nje ili asitoke akazurura, akaenda zahanati kuchukua dawa. Hapa mjini hakuna tone lililonyesha. Maji yalikuja mchana kweupe. Walioyaona walisema kwanza walisikia sauti kama ya lori kubwa. Wanaume walikuwa machimboni. Wanawake wakanyakua watoto wakakimbilia barabarani, na kila mtu alidhani Amoding yuko na mama yake.

Nilisikia kelele nikiwa ofisini, nikakimbia na wenzangu. Nilipofika barabarani maji yalikuwa yamefika kwenye madirisha yale madogo. Laini ya pili ukuta wake wa mbele ulikuwa umelala. Apio alitokea upande wa zahanati anakimbia, chupa ya dawa mkononi, akisema mlango, mlango. Watu walimshika. Yalipopungua kidogo tuliingia wanaume watano. Tulimkuta Amoding chini ya kitanda kilichopinduka. Mwingine alishika mabega yake, mimi nikashika miguu. Ilikuwa miepesi, Bwire. Tulimpandisha mpaka barabarani, na pale Okware akatukuta, ametapakaa vumbi jeupe la mawe mwili mzima.

Wiki ile ile kikaitwa kikao ofisini, DC yupo, chifu yupo. Uso wa Bwana Kamba ulikuwa kama wa mgonjwa. Alitandaza ramani yangu mezani, akaipapasa kwa kiganja, akaniuliza mbele ya wote, "Egesa, hapana mtu alisema habari ya maji?"

Uongo wa kwanza niliusema kwa tamaa, na labda mtu angeweza kusema sikujua utazaa nini. Huu wa pili niliusema nikiwa nimeshashika miguu ya mtoto yule.

"Hakuna aliyesema, bwana."

Akaandika jibu langu. Kabla ya mwaka kwisha alihamishwa, na haikuwa kwa kupandishwa. Sokoni watu walisema Mzungu alijenga mtoni kwa ujinga wake, wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nachagua ndizi. Nilisikia, nikaendelea kuchagua.

Ukurasa ule wa daftari niliuchana nikautia motoni. Mama yako aliniona, hakuuliza. Tangu hapo anajua nusu, na mwenyewe hajataka nusu ya pili.

Kuna jambo jingine, dogo, lakini limeningoja. Baada ya mazishi ulikuja siku moja ukaniuliza Amoding atarudi lini bombani. Nilikupiga kibao. Ulikuwa na miaka mitano na hukujua umekosa nini, ukajificha nyuma ya mama yako ukinitazama. Hukukosa chochote. Naomba radhi kwa kibao kile. Ningalikuomba radhi zamani, lakini ningelazimika kukueleza sababu.

Ilinichukua miaka minne kwenda kwa Athieno. Nilibeba sukari na sabuni. Nilimkuta kwenye ule mteremko akiponda mawe madogo ya kuuza kwa wajenzi, maana udongo wa vyungu huko haupo. Mikono iliyozoea udongo laini ilikuwa imechanika. Sukari na sabuni aliviacha palepale mlangoni nilipoviweka.

Nilianza kumwambia kwa Kidhopadhola kwamba siku ya baraza sikutafsiri vizuri. Hata hapo nilikuwa nachagua maneno ya kunifunika. Sikusema nilidanganya. Nilisema sikutafsiri vizuri. Aliniacha nimalize, kisha akanijibu kwa Kiswahili.

"Mimi nasikia Kiswahili. Vyungu niliuza Busia miaka mingi, na Mswahili, na Mhindi. Yote ulisema siku ile mimi nilisikia."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema palepale.

"Nilikuwa nakuangalia. Nikasema moyoni, huyu ni okewo, anaogopa watu. Mdomo yake inaogopa, lakini karatasi iko na yeye. Atakwenda kuandika vizuri." Akaokota jiwe, akaliangalia, akalirudisha. "Nilikungoja. Hata wanakuja na vigingi, mimi bado nakungoja."

Mwanangu, nimesomewa hukumu nyingi moyoni mwangu tangu siku hiyo, lakini hakuna iliyonikata kama hiyo. Yule mama alikuwa na haki ya kunianika mbele ya watu. Hakutumia haki hiyo kwa sababu alinihesabu kuwa mtoto wao.

Sikumwomba msamaha. Niliona nikimwomba nitampa kazi nyingine juu ya ile ya mawe. Naye hakusema amenisamehe. Aliniuliza tu kama makaburi ya mumewe bado yako. Hapo angalau sikudanganya. Nilimwambia vyoo vya laini ya tatu vimejengwa pale, na kwamba niliyevichora ni mimi. Kisha akaingia ndani, akatoka na fimbo yake, akaniambia twende.

Tulitembea mpaka bondeni, na alasiri nzima akanionyesha kila mahali maji yalipofika mara tatu alizoyaona maishani, nami nikapiga vigingi nyuma yake. Wakazi wa laini walitoka kututazama. Hakuna aliyemjua. Alipomaliza alikataa nimsindikize, akarudi Merikit kwa miguu.

Siku iliyofuata niliuchora ule mstari. Nilimpelekea mpangaji mpya, nikamwambia nimechunguza mwenyewe. Sikutaja jina la Athieno, maana kumtaja kungeleta swali la kwa nini hakuulizwa zamani. Mpangaji alinisifu, akaandika barua makao makuu kwamba ofisi ya Tororo ina Mwafrika mwenye macho. Nyumba zote zilizojengwa baada ya hapo ziko juu ya mstari. Mimi nikapandishwa cheo. Ile barua uliyoikuta kabatini ukawasomea dada zako kwa sauti, ukijivuna kwa ajili yangu, ni nakala ya barua hiyo. Sasa unajua kwa nini niliichukua mikononi mwako.

Laini za zamani bado zipo. Nimeandika mara mbili zivunjwe, wamejibu watafikiria. Kila masika watu wa kule hupanga magunia ya mchanga mlangoni.

Sina hekima kubwa ya kukupa kutokana na haya. Mtu aliyeanguka shimoni si lazima awe mwalimu wa barabara. Naweza tu kukuambia nilichokiona. Miaka yote hii ya kutembea na kamba, kutoka hapa mpaka Masafu na mpaka ziwani, sijaona ardhi isiyotumika. Nimeona ardhi niliyofika wakati wenyewe hawapo, au wakati nyasi zimekauka. Kwa hiyo ningekuwa wewe, ningerudi masika. Ningeingia kwa wanawake, maana wanaume watakuonyesha mipaka lakini wanawake ndio wanaojua maji. Na mtu akizungumza mbele yako lugha ambayo mkubwa wako haijui, nakuomba ujihadhari na nafsi yako, kwa sababu saa hiyo hakuna anayekuona. Mimi nilidhani hakuna anayeniona.

Tena nawasikia wewe na wenzako mkisema uhuru uko karibu, na kwamba Wazungu wakiondoka mambo ya ardhi yatanyooka. Mengi yatanyooka, naamini. Meza ya Bwana Kamba huenda siku moja utaikalia wewe. Lakini mimi sikuwa Mzungu, Bwire. Yule mama aliniita okewo, akanipa uji.

Nyumba hii usiichukie. Umekulia humu, ukajifunza kusoma humu, na matofali hayakumdanganya mtu. Likizo urudi, ulale kitandani kwako.

Sasa limebaki moja, na ndilo hasa lililonifanya nikae kuandika. Okware yu hai. Baada ya msiba aliacha machimbo, akavuka mpaka na Apio, na sasa anatengeneza baiskeli Busia upande wa Kenya, karibu na soko. Walipata watoto wengine wawili. Nimepita kwake mara nyingi nikienda kazini upande ule, na kila akiniona huacha kazi, akapangusa mikono, akanisalimu kwa mikono miwili. Mwaka jana pancha ilinikuta karibu na kibanda chake. Alinizibia, na nilipotia mkono mfukoni akaukataa. Akasema, "Mzee, wewe ulimbeba mtoto wangu." Nilishukuru, nikapanda baiskeli. Nilipofika mbali na macho ya watu nikashuka, kwa sababu sikuweza kuona njia.

Okware anaamini kwamba Mzungu hakujua. Ameishi na hilo, na labda limemsaidia kuishi. Nimejiuliza kama kumwambia ni haki au ni mimi tu kutafuta kupumua. Sijui. Lakini ninajua kwamba shukrani yake kila nikipita ninaiiba, na kwamba yeye na Apio wana haki ya kujua mtoto wao alikufa kwa nini. Akinipiga, atakuwa amefanya lake. Akienda kwa DC, nitakwenda naye, na hapo huenda cheo kikaenda na nyumba hii ikaenda, na ada yako itabidi tuitafute kwa njia nyingine. Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza. Mama yako nitamwambia ile nusu ya pili kesho, tukirudi kutoka kituoni.

Alhamisi nitavuka kwenda Busia.

Nimewahi kuapa hivyo kabla, mara mbili, na mara zote nilifika mpakani nikanunua samaki nikarudi. Siwezi tena kujiamini peke yangu. Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho baba hamwombi mwanawe. Ukifika Entebbe, barua yako ya kwanza usianze kwa kuniuliza hali. Uniulize kama nilikwenda. Nikikujibu kwa habari za mvua, afya ya mama yako na bei ya pamba, ujue sikwenda, na uniulize tena.

Baba yako,
Egesa